Pampu ya Mama Vipimo

Mtaani kwetu Somanda chombo chake tulikiita pampu. Jina lake halisi alitutajia, tukalisahau siku hiyohiyo. Ni birika la kioo, refu, lenye mfuniko na fimbo nyembamba inayopita katikati ya mfuniko. Chini ya fimbo kuna wavu wa chuma wa duara. Unaweka kahawa, unamimina maji, unasubiri, halafu unasukuma fimbo taratibu. Wavu unashuka na machicha yote mpaka chini, kahawa inabaki juu. Masunga, fundi cherehani anayeshonea kwenye baraza la duka langu, alipoiona mara ya kwanza dirishani kwa yule mama alisema, "Huyu mayu anajaza kahawa upepo." Mayu kwa Kisukuma ni mama. Basi, ikawa pampu. Na mwenye pampu alikuwa Mama Vipimo.

Alizaliwa lini, baba yake nani, sijui wala sikuwahi kumuuliza. Alikuwa afisa vipimo. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani, ya madukani na ya sokoni, na msimu wa pamba ukifika, mizani ya vituo vya kununulia pamba huko vijijini. Alihamishiwa Bariadi akitokea kwao Kagera, akapanga nyumba iliyo nyuma ya duka langu, akakaa miaka tisa. Mimi mwenyewe si wa hapa. Ni Mrangi wa Kondoa, lakini mji mzima wananiita Mangi, jina la Wachaga, kwa sababu nchi hii ukishakuwa na duka wewe ni Mangi tu, hata kama Mlima Kilimanjaro umeuona kwenye kalenda.

Namweleza kama nilivyomwona. Kuna mambo yake yalinipendeza, kuna yaliyoniudhi, na moja liliniuma miaka minne. Nitafika hapo.

Kwanza, alikuwa mtu wa kusema neno moja. Akiingia dukani na lile koti lake la kazi la bluu na lile sanduku la mawe ya shaba, hasalimii kwa kirefu. Anapanga mawe yake juu ya mizani, anainama, anasoma, anaandika. Halafu anasema "Imepita" au "Imekosea". Ukimuuliza swali anakuangalia kama umemwamsha. Lakini mkute Jumapili ametoka kanisani, kitenge kimemkaa, anasimama kwa muuza nyanya robo saa nzima anauliza habari za watoto, mmoja mmoja kwa jina. Kisukuma alikijua cha salamu na si zaidi, na alikitamka Kihaya kabisa. "Mwangaluka mayu!" wanamwambia wauza mboga. "Mhola!" anaitikia, kwa fahari utadhani amemaliza hotuba.

Alikuwa na kifuko cha majani ya mgomba, ndani yake kahawa ya kwao ya kutafuna, ile inayochemshwa na mitishamba halafu ikaanikwa. Alitafuna njiani, alitafuna ofisini, akikutana nawe anakutilia punje kiganjani bila kuhesabu. Hapo ndipo nilipoanza kumshangaa. Kahawa ya kutafuna anaimwaga tu, ya kunywa anaipima kwa gramu.

Na alipima kweli. Jikoni kwake kulikuwa na mizani ndogo ya betri, bapa, aliyopewa zawadi na wenzake alikotoka. Gramu thelathini za kahawa kwa nusu lita ya maji. Si ishirini na tisa. Nilimwona kwa macho yangu akitoa punje tatu kwenye kisahani na kuzirudisha kwenye kopo. Kahawa yenyewe aliisaga kwa kinu kidogo cha mkono, na hakutaka iwe unga. Alitaka iwe kama chenga za mahindi. "Ikiwa unga," alisema, "inapita kwenye wavu, unakunywa tope. Na fimbo inagoma."

Maji ya kisima cha mtaani kwetu alikuwa hayataki. Yana chumvi, nasi tumeyazoea, chai tunanywa, maisha yanaenda. Yeye alikinga maji ya mvua kwenye pipa, akayachuja kwa kitambaa, akayatunza kwa ajili ya pampu. Kiangazi kikikaza anaoga maji ya chumvi, anapikia maji ya chumvi, lakini kahawa inapata ya mvua. Mke wangu alimwambia, "Mama Vipimo, hiyo kahawa inaishi vizuri kuliko wewe." Akacheka, akasema ni kweli.

Maji yakichemka anayaepua, anangoja yatulie. Anasuuza birika kwa maji ya moto ili lisimeze joto. Anamwaga maji kidogo juu ya kahawa, inafura, inatoa povu, anaiangalia. Anamalizia maji, anakoroga mara moja kwa kijiko cha mti. Halafu anasubiri dakika nne, na hapa sasa utacheka. Huyu mwanamke wa gramu hakutumia saa. Alisali fungu moja la rozari, Baba Yetu moja na Salamu Maria kumi, akizisema polepole, na akimaliza anasukuma. Nikamuuliza, mama, wewe wa vipimo, mbona dakika unazikisia? Akasema, "Saa naweza kuiangalia nikiwa nawaza mengine. Salamu Maria nikiwaza mengine napotea, naanza upya." Baadaye nilipojifunza nilitumia tasbihi yangu, thelathini na tatu mara tatu kwa mwendo wa kutulia. Siku moja tulianza pamoja, tukamaliza pamoja. Alifurahi kuliko nilivyotegemea.

Akishasukuma anamimina yote kwenye vikombe papo hapo. Kuiacha ikae juu ya machicha ni mwiko, inaendelea kuiva na kuwa chungu. Na wavu anaufungua, anausugua kila siku, kwa sababu mafuta ya jana, alisema, yanaharibu kahawa ya leo.

Masunga aliniletea mara mbili habari za Mama Vipimo za huko vijijini, maana kwao ni Mwamanyili. Msimu mmoja alifika kituo cha pamba huko, wakulima wakamshangilia, wana hakika mizani ya mnunuzi inawaibia. Mzee mmoja akamwambia, mayu, leo ndiyo leo. Yeye akapanga mawe yake, akasoma, akasema "Imepita". Mizani ilikuwa nzima. Wakamzomea mpaka anapanda gari. Akakaa dirishani anatafuna kahawa yake, hajageuka. Wiki iliyofuata, kijiji kingine, mnunuzi mkubwa tu, anayejulikana, akamwekea kiti na soda baridi. Akainywa soda, akashukuru, akasema "Imekosea". Watu wa Mwamanyili waliposikia, walipunguza kumzomea.

"Kipimo hakina shemeji," ndilo lilikuwa neno lake. Nililipenda mpaka siku liliponifikia mimi.

Ilikuwa mwaka wake wa sita hapa, mwezi wa Shaabani, Ramadhani iko mlangoni. Kabla ya hapo tulikuwa majirani wa habari za asubuhi na basi. Aliingia saa nne, koti la bluu, sanduku mkononi. Dukani walikuwapo wateja wanne, na barazani alikuwapo muadhini wa msikiti wetu, ambaye kila siku hukaa hapo na kikombe chake cha kahawa chungu ya kuchemsha. Akaweka jiwe la kilo juu ya mizani yangu kubwa ya kaunta. Mshale ukasimama kwenye gramu mia tisa themanini na tano.

"Imekosea," akasema.

Mimi nikaona haraka maana yake. Nikamwambia, "Mama, ngoja. Inasoma pungufu. Maana yake nikimpimia mtu kilo, anaondoka na zaidi ya kilo. Inanipunja mimi!"

"Nimesema imekosea."

Akafunga waya, akaubana kwa lakiri ya risasi, akabandika karatasi nyekundu mbele, palipo na macho ya watu. Akaandika fomu, nikasaini, akaondoka. Wateja wakatazama ile karatasi, wakanitazama mimi. Nikaanza kueleza, na unajua mtu anayeeleza sana anavyoonekana. Kabla ya adhuhuri Somanda yote ilishajua mizani ya Mangi imekamatwa. Nani atauliza ilikosea upande gani? Mwenye duka na mizani mbovu, jibu liko wazi. Wiki moja baadaye fundi wa mizani alitoka Mwanza akaitengeneza, Mama Vipimo akarudi, akasema "Imepita", karatasi ikatoka. Siku hiyo barazani hapakuwa na mtu.

Wateja walirudi taratibu, sukari haina kinyongo. Lililoniuma ni jingine. Kila mwisho wa Ramadhani, msikiti wetu ulikuwa unauleta mchele wa zaka ya fitri dukani kwangu, nami naupima mafungu ya kugawia wasionacho kabla ya swala ya Idi. Nilifanya hivyo miaka kumi na miwili. Silipwi, na sikutaka kulipwa. Usiku wa mwezi kuandama mke wangu anawasha taa ya nje, wazee wanakaa, mimi napima, na nilikuwa naona kwamba mimi mgeni wa Kondoa nina mahali pangu katika mji huu. Mwaka ule muadhini alikuja, akazunguka sana kwa maneno, akasema, "Mangi, mwaka huu tumeonelea upumzike." Mchele ukapelekwa kwa mwingine. Niliumia. Nasema wazi, niliumia mpaka nikashindwa kula daku, na nilimlaumu yule mwanamke.

Nikamfuata nyumbani kwake. Nikamwambia, mama, sikuombi kitu kikubwa. Mwambie tu muadhini kwamba mizani ilikuwa inazidisha kwa mteja. Neno moja.

Akasema, "Fomu yangu ina sehemu mbili, Mangi. Imepita na imekosea. Ya tatu haipo."

"Lakini mdomo unao."

"Nikiwa na kazi hii, mdomo wangu ni wa fomu. Leo nikisema yako ilikuwa bahati mbaya, kesho mwingine atataka niseme yake ilikosea kidogo tu. Keshokutwa nitakuwa nagawa nani mwizi na nani mwema. Kipimo hakina shemeji."

Ubaya ni kwamba nilimwelewa. Hilo liliniudhi zaidi.

Siku mbili baadaye, baada ya futari, bila haya, akaniita dirishani kama hakuna kilichotokea. "Mangi, njoo unywe kahawa." Nikataka kukataa. Mke wangu akasema, "Nenda. Usipokwenda atajua umeudhika." Nikamwambia nimeudhika kweli. Akasema, "Ndiyo, lakini kwa nini umpe faida?"

Nikaenda. Nilitaka ile kahawa iwe mbaya, Mungu anisamehe. Mimi nimekulia kwenye kahawa ya birika la mkaa, tangawizi, inachemka mpaka inakwaruza koo, unaizima kwa kashata. Hii haikukwaruza. Ilikuwa nzito, laini, na ilikuwa na harufu mpaka kwenye tone la mwisho. Nikarudisha kikombe, nikasema si mbaya. Akasema najua.

Hapo ndipo kiburi kilipoingia. Nikasema moyoni, huyu amenifunga mizani, nitamshinda kwa pampu yake. Nikaagiza yangu Mwanza, ikaja na basi, ya kioo kama yake. Nikanunua kinu. Nikakinga maji ya mvua. Nikapima gramu thelathini kwa mizani yangu ndogo ya viungo, ile ya pilipili manga na iliki, ambayo yeye mwenyewe alishaisemea "Imepita". Nikasubiri tasbihi, nikasukuma, nikampelekea.

Akaonja. "Chai ya mgonjwa," akasema.

Ilikuwa hivyo kwa karibu miaka mitatu, na wala sitanii. Mara maji yangu yamepoa mno, mara nimesaga chenga kubwa, mara sikuusugua wavu. Nilirekebisha kila kitu. Mwisho akakosa sababu akasema, "Ni mkono wako, Mangi. Mkono wako mzito." Mkono mzito unapunguzaje ladha ya kahawa, hakueleza. Nikarudi nyumbani najitazama mkono. Maana maneno ya mkono mzito, kwa mwenye duka aliyebandikwa karatasi nyekundu, yana pengine pa kuingilia, kama vile mkono unaokandamiza mizani.

Ile ya kioo haikudumu. Masunga alitaka kujaribu naye, akaja na kahawa aliyotwanga nyumbani kwenye kinu cha mchi mpaka ikawa laini kama unga wa muhogo. Nikamwonya. Akasema, "We Mangi, mimi nimesukuma mikokoteni ya pamba." Fimbo ikagoma. Akaikandamiza kwa kifua. Jamani! Kahawa iliruka kama bomba limepasuka, kioo kikaachia, na aliyekuwa amekaa mbele yake ni muadhini, amekuja kukunjiwa mikono ya kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Kwa bahati haikumuunguza, ilimpaka tu kuanzia kola mpaka magoti. Mama Vipimo akatoka mbio nyumbani kwake kwa kelele zile. Akaangalia vile vioo, akaangalia kahawa iliyomwagika, akaishika kwa vidole.

"Fundi," akamuuliza, "sindano ikigoma kwenye kitambaa, unalazimisha?"

"Hapana, mayu."

"Unafanyaje?"

"Nasimama. Naangalia kuna nini chini."

"Basi."

Akaichukua kanzu akaiosha mwenyewe, ikarudi nyeupe. Muadhini tangu siku hiyo aliiita pampu ile silaha, na akakaa mbali na meza ya Masunga. Mimi nikaagiza nyingine, ya chuma.

Sasa nije kwenye siri yangu. Mwaka wake wa tisa, msimu wa pamba, alikwenda Itilima, huko Migato na vijiji vya jirani, wiki nzima. Akamwachia mke wangu ufunguo amwagilie pilipili zake, na mimi akaniambia nichote kahawa kwenye kopo lake, yangu ilikuwa imekwisha. Nikaingia jikoni kwake. Ile mizani ya betri iko palepale. Nikapima thelathini, nikaifunga kwenye karatasi, nikaenda nayo nyumbani. Kwa mazoea tu ya mwenye duka, nikaiweka tena juu ya mizani yangu ya viungo. Thelathini na sita.

Nikafikiri nimekosea. Nikarudi na jiwe langu la gramu mia mbili, lenye muhuri, nikaliweka juu ya mizani yake. Ikasoma mia moja sitini na saba.

Nikakaa kwenye kigoda chake nikacheka peke yangu mpaka machozi yakatoka. Mganga hajigangi! Mwanamke aliyekagua mizani ya nusu ya mkoa, aliyefunga mizani ya duka hili na ya kile kituo, hajawahi kuweka hata jiwe moja juu ya mizani yake ya jikoni. Miaka yote anasema thelathini na anakunywa thelathini na sita. Miaka mitatu naambiwa nina mkono mzito, na mkono wangu hauna neno.

Nikaamua sitamwambia. Si kwa wema. Niliona nimepata fimbo ya kumchapia, na nilitaka kuitumia barazani, mbele ya watu, kama yeye alivyonifanyia. Siku kadhaa nilitembea mtaani najiona mrefu.

Akarudi Jumamosi, vumbi la Migato mpaka kwenye nyusi, macho mekundu, sauti imekauka. Nikapima thelathini na sita, nikatengeneza, nikampelekea. Akanywa funda moja. Akafumba macho. Niliona mabega yake yanashuka, uchovu unamtoka.

"Leo umepata, Mangi," akasema. "Umepata kabisa. Umeweka ngapi?"

Fimbo ninayo mkononi. Nikasema, "Thelathini."

Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Nilimhurumia, hilo ni kweli. Lakini pia nilitaka kuitunza fimbo yangu kwa siku yenye watu wengi. Alitazama ndani ya kikombe, akanywa tena. Akasema, "Haya."

Miezi miwili baadaye akastaafu. Alifunga mizigo, akagawa ndoo na pilipili zake, akaja dukani kuaga. Nikajua sasa atasema lile neno langu, maana koti la kazi limekwisha. Akanipa mkono. "Kwaheri, Mangi. Uwe unausugua wavu." Akapanda bajaji, akaenda zake. Nikabaki nimesimama na fimbo yangu ambayo sasa haina wa kumpiga. Nilikasirika. Nilimkumbuka pia, asubuhi hasa, lakini nilikasirika. Ramadhani ya nne ikapita, mchele wa fitri ukapimwa kwingine.

Mwaka uliofuata, Shaabani tena, siku zinahesabika kufika Ramadhani, asubuhi moja bodaboda ikasimama mbele ya duka. Akashuka Mama Vipimo, kitenge cha kijani, mfuko wa plastiki kifuani. Amekuja kwa harusi ya binti wa mfanyakazi mwenzake wa zamani. Amekonda kidogo. Barazani alikuwapo Masunga na cherehani yake, muadhini na kikombe chake, na wanawake wawili waliokuja kununua mchele.

"Mwangaluka mayu!" Masunga akaruka.

"Mhola, fundi." Hakukaa. Alikuja moja kwa moja kaunta, akafungua ule mfuko, akatoa mizani yake ya betri ya jikoni, akaiweka mbele ya watu wote, pale pale ilipokuwa karatasi nyekundu. "Mangi, niletee jiwe la mia mbili."

Nikampa.

Akaliweka. "Fundi, njoo usome."

"Mia moja sitini na saba, mayu."

"Na jiwe?"

"Mia mbili."

"Imekosea," akasema. Kwa sauti ileile ya kazi. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akaendelea kusema.

"Kwa miaka mingi nimepimia kahawa na hii. Miaka mitatu nikamwambia huyu bwana ana mkono mzito. Mkono wake ulikuwa sawa, mizani yangu ndiyo mbovu. Inasoma pungufu, kwa hiyo anayepewa anapata zaidi." Akamgeukia muadhini. "Na ile mizani ya Mangi niliyoifunga, wewe ukiwa umekaa hapo hapo, ilikuwa na ugonjwa huuhuu. Kilo yake ilikuwa na gramu kumi na tano za ziada. Alikuwa anawapa ninyi, anajipunja mwenyewe. Nilikuwa na koti la kazi, nikasema kilichokuwa kwenye fomu. Koti nimelirudisha. Sasa nasema kwa mdomo wangu."

Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe!" Masunga akaacha cherehani. Muadhini alitazama kikombe chake kidogo kama kimejaa kitu kigeni. Mimi nikaingia ndani nikatoe pampu, ili nipate la kufanya.

Nikapima mbele yao, kwa mizani ya viungo, thelathini na sita. Nikamimina maji. Yeye akatoa rozari, mimi nikatoa tasbihi, tukamaliza pamoja.

"Siku ile uliniambia thelathini," akasema taratibu, nikisukuma.

"Nilikudanganya, mama."

"Nilijua. Nilipoonja nilijua mmoja wetu anakosea. Jumatatu nikaja na mawe ya ofisini, nikapima yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akakipokea kikombe kwa mikono miwili. "Niliona aibu, Mangi. Mimi, afisa vipimo. Ningekueleza nini? Nilikaa Kagera mwaka mzima nakunywa kahawa na aibu yangu. Harusi ingekuwa mkoa mwingine, nadhani nisingekuja."

Nikamwambia, wabeja, asante, mama, kwa kuja. Fimbo niliyokuwa nimeitunza sikuiona tena, wala sikuitafuta.

Muadhini akamaliza kahawa yake chungu. Akaweka kikombe chini, akakohoa, akazungukazunguka kama kawaida yake. "Sasa, Mangi," akasema. "Mchele wa fitri mwaka huu. Nafikiri tuulete hapa."

Kabla sijafungua mdomo, Mama Vipimo akainua mkono. "Ngoja kwanza."

Wote tukamtazama. Akaomba jiwe la kilo. Akalifuta vumbi kwa ncha ya kitenge, akaliweka juu ya mizani yangu kubwa, akainama kama zamani, jicho usawa wa mshale. Wallahi niliogopa kama siku ya kwanza. Akanyooka, akawageukia muadhini, Masunga na wale wanawake wawili.

"Imepita," akasema, kwa sauti ya kufika barabarani.